Mbele ya Mwanzo Kulikuwa Nini?



Jambo ninalotaka kuwasimulia lilianza Jumatano moja ya Kwaresima, chini ya mkuyu ulio nyuma ya kanisa letu, mahali ninapowafundisha wakatekumeni. Kijiji chetu kiko kando ya ziwa Tanganika, upande wa Kongo. Saa kumi na moja ya jioni upepo hutoka ziwani, joto hupungua, na watu huwa tayari kusikiliza. Siku ile tulikuwa tunasoma habari ya kuumbwa kwa mbingu na nchi. Nilikwisha kueleza siku zote sita, nilikwisha kuuliza maswali, na wote walijibu kwa sauti moja kama wavuvi wanaopiga makasia. Ndipo binti mmoja, mtoto wa mama anayeuza ndagala, akainua mkono.

«Mwalimu, wakati Mungu alipokuwa hajaumba mbingu wala nchi, kulikuwa nini? Na yeye alikuwa akikaa wapi?»

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetoka mlimani kwa baisikeli, nilikuwa na njaa, na nilitaka kumaliza. Nikamwambia: «Swali hilo halimo katika katekisimu. Kaa chini. Shetani naye alianza kwa kuuliza.»

Akakaa. Juma lililofuata hakuja. Juma la pili hakuja tena. Katika parokia yetu kuna kanuni: mkatekumeni akikosa mafundisho mara tatu bila sababu, jina lake linafutwa katika orodha ya ubatizo, naye anangoja mwaka mwingine. Pasaka ilibaki majuma matatu. Orodha ile niliiandika mimi kwa mkono wangu, na jina lake lilikuwa la nne.

Usiku ule nilimwambia mke wangu habari hiyo, kwa namna ya kulalamika juu ya vijana wa siku hizi. Akanisikiliza mpaka mwisho, huku akichambua sombe, halafu akaniuliza neno moja tu: «Na wewe, jibu ulikuwa nalo?»

Sikulala vema. Asubuhi nikavuta sanduku la vitabu lililo chini ya kitanda. Mimi nilisoma falsafa miaka mitatu katika seminari kubwa, kisha nikatoka, nikaoa, nikawa katekista. Sababu zake wanaonifahamu wanazijua, na wengine hazitawafaa kitu. Madaftari ya siku zile yamo bado, ingawa mchwa wamekula pembe zake. Nikatafuta somo juu ya kuumbwa kwa ulimwengu, na jambo la kwanza nililolikuta likanitia haya.

Mtakatifu Agostino aliulizwa swali lile lile: Mungu alikuwa anafanya nini mbele ya kuumba? Katika kitabu cha kumi na moja cha Maungamo yake anasimulia kwamba mtu fulani alikwisha kulijibu kwa mzaha, akisema kwamba Mungu alikuwa anawatayarishia moto wa milele wale wanaochungulia mambo makubwa. Agostino alikataa kujibu hivyo. Alisema ni afadhali kukiri kwamba hajui asichokijua, kuliko kumfanya mtu aliyeuliza jambo zito achekwe. Nami, katekista wa kijiji, nilikuwa nimelitoa jibu lile la mzaha, tena bila mzaha.

Ukurasa uliofuata Padri mwalimu wetu alikuwa ametueleza habari ya Wahindi wa kale. Nakumbuka siku ile wengi tulisinzia. Padri alisema kwamba hakuna watu wa zamani waliolishika swali hili kwa nguvu kama wao. Nilikuwa nimeandika maneno machache tu, basi nikaenda kwa paroko kuazima vitabu, nikasoma siku tano, mchana katika veranda na usiku kwa taa. Ninayowaandikia sasa nimeyapata huko.

Wahindi wana vitabu vya kale sana viitwavyo Veda. Cha kwanza na cha kale kuliko vyote ni Rigveda, ambacho ni mkusanyo wa nyimbo 1028 katika vitabu 10, kwa lugha ya Kisanskriti. Wenye elimu wengi wanaona kwamba zilitungwa kati ya mwaka 1500 na 1000 mbele ya kuzaliwa kwa Kristu, au karibu na hapo. Neno «vitabu» linaweza kutupoteza, kwa maana kwa muda mrefu sana hazikuandikwa. Zilikaa vichwani. Baba alimfundisha mwana, na mwalimu alimfundisha mwanafunzi, na ili silabi hata moja isipotee walitunga namna nyingi za kukariri: neno la kwanza na la pili, kisha la pili na la kwanza, kisha tena la kwanza na la pili, na kuendelea hivyo mpaka mwisho wa wimbo. Mwaka 2003 shirika la UNESCO liliihesabu desturi hiyo ya kukariri kuwa mojawapo ya mali kubwa za wanadamu. Nawakumbusha ndugu wanaosema kwamba mababu zetu hawakuwa na elimu kwa sababu hawakuwa na karatasi.

Katika kitabu cha kumi cha Rigveda kuna wimbo wa 129. Una beti saba tu. Nimeusoma mara nyingi katika tafsiri ya Kifaransa, wala sijauzoea.

Mtunzi wake anaanza kwa kuondoa vitu, kama mtu anayehamisha vyombo nyumbani. Anaondoa anga. Anaondoa mbingu iliyo juu ya anga. Anaondoa kifo, halafu anaondoa pia hali ya kutokufa, kwa maana pasipo kifo hata neno «kutokufa» halina maana. Anaondoa alama za usiku na za mchana. Hata kuwako anakuondoa, na kutokuwako vilevile. Unajiuliza: sasa kitabaki nini? Kinabaki Kimoja, ambacho hakipewi jina la mungu yeyote. Kinaishi kwa nguvu yake chenyewe, na pumzi yake haihitaji hewa. Kandokando yake ni giza lililofunikwa na giza, mfano wa maji yasiyo na ufuko. Halafu linatokea joto. Neno lake kwa lugha yao ni tapas, na ndilo wanalolitumia pia kwa joto la mtu anayefunga na kujinyima. Wakristu wa Kwaresima wataelewa. Baada ya joto inakuja hamu, na hamu hiyo ndiyo mbegu ya kwanza ya akili.

Mpaka hapo ungefikiri kwamba mtunzi amepata jibu. Lakini ghafula anageuka, anauliza ni nani basi anayejua kwa hakika mambo haya yalikotoka. Miungu? Hapana, anasema, kwa maana miungu nayo ilitokea baadaye, ulimwengu ulipokwisha kuanza. Mwishoni anainua macho kwa yule aonaye yote kutoka mbingu ya juu kabisa, na kusema kwamba labda yeye anajua, au labda hata yeye hajui. Hapo wimbo unakwisha.

Ndugu zangu, mimi ni katekista, na maneno hayo ya mwisho siwezi kuyafanya yangu. Nasadiki kwamba Muumba anakijua alichokiumba. Lakini nasema wazi kwamba niliposoma niliona haya zaidi kuliko nilipomsoma Agostino. Mtu yule alisimama mbele ya watu wa kabila lake, waliokuwa na miungu mingi na sadaka nyingi, akawaambia kwamba miungu yao haikuwako mwanzoni. Hawakumfukuza, wala hawakumwambia akae chini. Waliushika wimbo wake kwa moyo, wakaukariri mbele na nyuma miaka zaidi ya elfu mbili, pamoja na swali lake lisilojibiwa.

Sipendi mfikiri kwamba mawazo yote ya Wahindi wa kale ni ya namna hiyo. Katika kitabu kile kile cha kumi, wimbo wa 90 unasimulia kwamba ulimwengu ulitokana na mtu mkubwa mno, aitwaye Purusha, ambaye miungu walimtoa sadaka. Jua lilitoka katika jicho lake, mwezi katika akili yake, upepo katika pumzi yake. Hapo ni hadithi tu, na ni nzuri. Lakini inaendelea: kinywa chake kilikuwa makuhani, mikono yake watawala na askari, mapaja yake watu wa kazi na biashara, na miguu yake watumishi. Mnaona hatari yake? Baadaye sheria za kale zilizoandikwa kwa jina la Manu zilirudia maneno hayo, zikaweka juu yake amri za kuwatenga watu, na chini ya wale wa miguuni wakawekwa wengine ambao hata kuguswa ni unajisi. Ukiuliza kwa nini fulani ni mdogo, jibu lilikuwa tayari: ndivyo alivyozaliwa ulimwengu.

Hapo nilikaa kimya kidogo, kwa maana wazee wetu nao waliambiwa hadithi kama hiyo. Waliambiwa na watu walioshika Biblia mkononi kwamba sisi weusi ni wazao wa Hamu, na kwamba Hamu alilaaniwa. Fungueni kitabu cha Mwanzo, sura ya 9: laana yenyewe ilitajwa juu ya Kanaani, wala rangi ya mtu haitajwi mahali popote. Hata hivyo hadithi ilitembea. Huko India alitokea mtu aitwaye Ambedkar, mzaliwa wa wale wasioguswa, mwenye elimu kubwa. Tarehe 25 Desemba 1927, katika mji wa Mahad, yeye na wenzake walizichoma moto sheria za Manu mbele ya watu. Baadaye aliongoza kamati iliyoandika katiba ya India, nayo katiba hiyo, iliyoanza kufanya kazi mwaka 1950, inafuta hali ya kutoguswa katika kifungu chake cha 17. Yafaa basi mtu anayefundisha habari za mwanzo wa ulimwengu aangalie anachokifundisha. Kuna watu watakaokaa chini kwa ajili yake, na huenda wasiinuke tena.

Sasa nije kwa sehemu niliyoipenda kuliko zote. Baada ya nyimbo zile wakaja walimu wa Upanishadi, ambao mazungumzo yao yamehifadhiwa. Katika ile iitwayo Chandogya, sura ya sita, kuna baba aitwaye Uddalaka na mwanawe Shvetaketu. Kijana alikwenda shuleni akiwa na miaka 12, akarudi akiwa na miaka 24. Alikuwa amesoma Veda zote, na kichwa kilikuwa kimevimba. Baba akamwangalia, akamwuliza kama aliwaomba walimu wake fundisho lile ambalo mtu akilijua, hata asiyoyasikia anayajua. Kijana akashangaa kwamba jambo kama hilo lipo.

Niliposoma hapo nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Baba yangu ni mchonga mitumbwi. Likizo yangu ya kwanza kutoka seminari nilimkuta anachonga, nikaanza kumweleza kwamba kila kitu kina asili nne kama alivyosema Aristoteli: kile kinachotengenezwa nacho, umbo lake, mtengenezaji, na kusudi. Baba akaendelea kupiga shoka. Nilipomaliza akauliza: «Mwanangu, mtumbwi huu, mbele sijauchonga, ulikuwa ndani ya mti, ama ndani ya kichwa changu?» Nikasema swali hilo tutalisoma mwaka wa pili.

Sikujua kwamba wenye hekima wa India waligombana juu ya swali hilo hilo kwa karne nyingi. Wale wa shule ya Samkhya walisema kwamba kila kitu kinachotokea kilikuwamo tayari ndani ya asili yake. Mafuta yanatoka katika ufuta kwa kuwa yamo. Mchanga ukamue mpaka kesho, hutapata hata tone. Kwa hiyo ulimwengu wote nao ulikuwamo ndani ya kitu cha kwanza, kisichoonekana, nao ukafunguka kidogo kidogo kama mkeka uliokunjwa. Wengine, wa shule za Nyaya na Vaisheshika, wakakataa: chungu hakikuwamo katika udongo, ni kitu kipya, kwa maana udongo mtupu hauchoti maji. Hao wa Vaisheshika walifundisha pia kwamba vitu vyote vimeundwa kwa chembe ndogo mno zisizogawanyika. Nilimpelekea baba habari hii juzijuzi. Akafikiri, akasema wote wawili hawajawahi kuchonga. Kuna mti unaoukataa mtumbwi, na kuna kichwa kinachoukosa.

Lakini nimemwacha Uddalaka. Alimfundisha mwanawe kwa vitu vya nyumbani, kama anavyofanya katekista mwenye akili. Alimfungisha chakula siku 15, akimruhusu maji tu, kisha akamwambia akariri Veda. Kijana hakukumbuka kitu. Akamlisha, na kumbukumbu ikarudi. Akamwambia atie chumvi katika maji usiku, na asubuhi aitafute: haionekani, lakini ukionja juu, katikati na chini, ni chumvi. Halafu akamtuma alete tunda la mti uitwao nyagrodha, ambao ni wa jamii moja na mikuyu yetu. Lipasue, baba akamwambia. Kijana akaona mbegu ndogondogo. Pasua mbegu moja. Akapasua, asione kitu. Basi katika hicho usichokiona, baba akamweleza, ndimo unamotoka mti mkubwa wote huu. Na ulimwengu wote vilevile una chanzo kisichoonekana, nacho ndicho kweli yenyewe. Akaongeza kwamba wewe mwanangu ni hicho hicho. Neno hilo analirudia mara tisa katika mafundisho yake.

Na juu ya mwanzo wenyewe Uddalaka alikuwa mkali. Alijua kwamba kuna waliosema kutokuwako kulikuwa kwanza, na kuwako kukafuata. Yeye akauliza: itawezekanaje kuwako kutoke katika kutokuwako? Hapana; mwanzoni kulikuwa Kuwako peke yake, bila cha pili. Nani katika nyinyi aliyesoma falsafa asiyemwona hapo ndugu wa walimu wetu?

Walimu waliofuata waligawanyika katika kuyaeleza maneno hayo. Shankara, katika karne ya 8, alifundisha kwamba hicho Kimoja ndicho kweli tupu, na wingi wa vitu tunaouona ni kama kamba inayodhaniwa kuwa nyoka gizani. Ramanuja, aliyefundisha karibu na mwaka 1100, hakukubali: ulimwengu ni wa kweli, tena ni kama mwili wa Mungu, na Mungu ni mwenye kupendwa na kuabudiwa. Nasema kweli, Shankara namheshimu, lakini Ramanuja ningemkaribisha kula nyumbani.

Vitabu vyao vya baadaye viitwavyo Purana vilihesabu pia miaka. Mchana mmoja wa Brahma, mungu mwumbaji, ni miaka 4,320,000,000, na usiku wake ni sawasawa. Mchana ukiisha ulimwengu unayeyuka, na asubuhi unaanza tena. Wako watu wanaosema kwamba hesabu hiyo inathibitisha sayansi ya leo, kwa sababu dunia yetu ina umri wa miaka karibu milioni elfu nne na mia tano. Mimi nawashauri wasikimbie. Hesabu ya Purana ilitoka katika kuzidisha namba zao takatifu na za nyota, si katika kupima mawe.

Tena katika jambo hili sisi wakatoliki tulipewa onyo na padri. Georges Lemaître, Mbelgiji, aliyepata upadri mwaka 1923 na kufundisha Louvain, ndiye aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 kwamba ulianza kutoka katika kitu kimoja kidogo chenye vyote ndani yake. Leo wenye sayansi wanahesabu miaka karibu milioni elfu kumi na tatu na mia nane tangu hapo. Mwaka 1951 Papa Pio XII, katika hotuba ya tarehe 22 Novemba, alifurahi akaona katika elimu hiyo kama ushuhuda wa kuumbwa kwa nuru. Lemaître mwenyewe hakupendezwa. Aliona kwamba hesabu zake zinaeleza namna ulimwengu ulivyoendelea, wala si kazi yake kumthibitisha Mungu, na kesho hesabu zaweza kubadilika. Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye aliandika kitabu kidogo kuonyesha kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba ulimwengu una mwanzo; hilo tunalishika kwa imani. Nilifundishwa hayo, nikayaandika, nikafaulu mtihani, kisha nikawafundisha wakatekumeni kana kwamba hakuna mwenye haki ya kuuliza.

Tofauti yetu na Wahindi haifichiki, na sitaki kuificha. Upanishadi moja inasema kwamba ulimwengu hutoka kama utando unavyotoka ndani ya buibui. Sisi tunasema Mungu hakuutoa ulimwengu mwilini mwake, wala hakuta kitu cha kuuundia. Aliuumba kutoka katika si kitu, kwa kupenda kwake. Yule mama wa wana saba katika kitabu cha pili cha Wamakabayo alilijua hilo, naye hakusoma seminari. Lakini Mtaguso wa Vatikano, katika tamko la tarehe 28 Oktoba 1965, uliwataja Wahindi kwa jina, ukasema kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine. Zamani zaidi, mwaka 1606, Mjezuiti Roberto de Nobili alifika Madurai, akajifunza Kitamili na Kisanskriti, akavisoma vitabu vyao mbele ya kuwafundisha vyake. Mimi nilikuwa nimeanza kinyume.

Jumanne, siku moja mbele ya fundisho la tatu, nikaenda. Nilichuma tunda la mkuyu nikalitia mfukoni, nikifikiri nitafanya kama Uddalaka. Nilimkuta binti pwani pamoja na mama yake, wanatandaza ndagala juu ya mchanga. Mama akanikaribisha kwa heshima. «Mwalimu, karibu. Mtoto amesema hatarudi.» Binti hakuinua macho.

Nikamwambia: «Binti yangu, nilikujibu vibaya. Nisamehe.» Mama akaacha kutandaza. Nadhani katika kijiji chetu hakuna aliyewahi kusikia katekista anasema hivyo, nami sauti ilinitetemeka kidogo. Nikamweleza kwamba swali lake liliulizwa na Mtakatifu Agostino, na mbele yake liliulizwa na watu wa mbali, miaka elfu tatu iliyopita, wakalitungia wimbo. Nikamsimulia wimbo wote kama nilivyowasimulia nyinyi. Tunda nikalitoa: lilikuwa limepondeka kabisa, mfuko wote umelowa. Hapo akacheka.

Halafu akauliza: «Na hicho Kimoja, peke yake gizani, hakikuogopa?»

Nikamwambia kwamba katika Upanishadi nyingine, ya Brihadaranyaka, imesimuliwa hivyo hivyo: wa kwanza alijitazama, akaona hakuna mwingine, akaogopa. Kisha akafikiri, ataogopa nini naye yuko peke yake? Hofu ikamtoka, lakini furaha hakuipata, akatamani mwenzi. Binti akatazama ziwa. Baba yake alizama katika ziwa lile miaka miwili iliyopita, usiku, na mtumbwi ulipatikana bila mtu. «Ndiyo maana niliuliza,» akasema. «Nilitaka kujua kama Mungu anajua mtu anavyokuwa peke yake gizani.»

Sikuwa na daftari mkononi. Nikamwambia ninachokisadiki: kwamba Mungu hakuwa peke yake kamwe, kwa kuwa ni Baba na Mwana na Roho Mtakatifu tangu milele, na kwamba Mwana, usiku wa Getsemani, aliachwa na wenzake wamelala. Kwa hiyo giza analijua. Mama yake akafuta macho kwa pembe ya kitenge, akarudi kutandaza ndagala, nami nikamsaidia mpaka jua likashuka.

Jumatano alikuja, akakaa mahali pake. Usiku wa Pasaka alibatizwa, na jina lake lilikuwa bado la nne. Tangu hapo ameniuliza swali lingine: kama Mungu hakuwa peke yake, wala hakupungukiwa na kitu, basi sisi alituumba kwa haja gani? Nikampelekea paroko. Ameniomba nimpe juma moja.